KOMPYUTA YA TAWI IKIFA, DAFTARI LISIFE NAYO



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la tawi lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kikifungiwa kabatini, na ufunguo ukikaa kwa katibu. Siku hizi, katika viwanda na mashamba ya upande wetu, kuanzia Tororo kwenye saruji mpaka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta ya mkononi, ile tunayoiita laptopu. Humo mna majina ya wanachama na ada walizolipa, mihtasari ya mikutano, nakala za mkataba wa pamoja, saa za ziada zisizolipwa, na picha za mkono wa mwenzetu aliyeumia kwenye mashine.

Basi inafika asubuhi moja kompyuta inabonyezwa na haiwaki. Wengine husema, "Imekufa, na mambo yote yamekwenda nayo." Wengine humpa kijana yeyote mwenye bisibisi aijaribu. Kauli zote mbili ni za hasara. Katika makala hii twaeleza kwa utaratibu namna ya kuokoa yaliyomo ndani ya kompyuta iliyokufa, hasa ile yenye diski ya aina mpya iitwayo SSD. Lipi tawi laweza kufanya lenyewe, lipi liachiwe mtaalamu, na lipi lisifanywe kabisa.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA WAFANYAKAZI

Mtu aweza kuuliza: mambo ya diski yanahusu nini chama? Jibu ni kwamba haki ya mfanyakazi husimama juu ya ushahidi, na ushahidi mwingi ni maandishi. Kwa Kenya, Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya 2007 yataka dai la fidia liwasilishwe katika miezi 12 tangu ajali. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo wa 2007 yaweka miaka 3 kwa kufungua kesi nyingi zinazotokana na mkataba wa kazi. Kwa Uganda iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000, inayombebesha mwajiri jukumu la majeraha yanayotokana na kazi. Siku zinahesabika, na kompyuta ikifa saa hazisimami.

Ni kweli kwamba wajibu wa kwanza wa kutunza kumbukumbu za ajira ni wa mwajiri. Sheria ya Kenya hata yasema kwamba kesi ikifika mahakamani, na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi au maelezo yake, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Lakini mfanyakazi mwenye busara hangojei mwajiri ashindwe. Huja na karatasi zake mwenyewe.

Wazee wa reli wanalifahamu jambo hili vizuri. Tororo ni mahali ambapo njia ya reli itokayo Kenya kupitia Malaba hugawanyika, tawi moja likienda Mbale, Soroti na kaskazini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja nalo likavunjika, na watumishi wa mashirika ya Jumuiya wakabaki wakidai malipo yao katika nchi tatu. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, na kila nchi ikapewa jukumu la kuwalipa raia wake. Huko Tanzania baadhi ya wazee walikuwa wangali wakidai katika miaka ya 2000. Dai la miaka 20 na zaidi halibebwi kichwani. Hubebwa na hati. Siku hizi hati ziko ndani ya diski, na diski ni kitu cha kufa.

KWANZA TUJUE KILICHOKUFA

Kosa kubwa la watu wengi ni kudhani kwamba kompyuta ikifa basi diski nayo imekufa. Sivyo. Kompyuta ni kama lori lililobeba miwa: injini ikiharibika barabarani, miwa bado iko nyuma. Mara nyingi kinachokufa ni chaja, betri, skrini, au bodi kuu inayounganisha viungo vyote. Diski imekaa pembeni, nzima, ikingoja mtu wa kuitoa.

Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, fanyeni majaribio haya manne.

(1) Jaribuni chaja nyingine ya aina ile ile na yenye volti zile zile. Zisomeni volti zilizoandikwa kwenye chaja, msikisie.

(2) Ondoeni chaja, na kama betri hutoka, itoeni pia. Bonyezeni kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa muda wa sekunde 30, halafu rudisheni chaja peke yake na kuwasha. Kompyuta nyingi zilizoganda baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla huamka kwa njia hii.

(3) Ikiwa taa inawaka na feni inasikika lakini skrini ni nyeusi, iungeni na televisheni au skrini nyingine kwa waya. Picha ikionekana huko, kilichokufa ni skrini tu. Nakilini mambo yenu siku hiyo hiyo.

(4) Ikiwa kompyuta inawaka lakini inasema haioni diski, au inazunguka tu bila kufika mwisho, acheni kuiwasha tena na tena. Hapo huenda diski yenyewe ni mgonjwa, na kila kuwasha ni kumchosha mgonjwa.

DISKI YA SSD NI KITU GANI

Diski za zamani zilikuwa na sahani za chuma zinazozunguka kwa kasi, na kichwa kidogo kikizisoma kama sindano ya santuri. Diski ya namna hiyo ikianza kufa, mara nyingi hutoa onyo: hugonga-gonga, huguna, huchelewa. SSD haina sahani wala kitu kinachozunguka. Ni chipu tupu juu ya ubao mdogo. Kumbukumbu huhifadhiwa kama chembe za umeme zilizofungiwa ndani ya vyumba vidogo mno, vyumba vinavyoshika umeme wake hata kompyuta ikizimwa. Ufundi huo ulibuniwa na mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980.

Ili kuelewa namna inavyokufa na namna inavyookolewa, tuifikirie kama ghala la saruji. Ndani ya ghala mna mifuko maelfu kwa maelfu. Mlangoni yuko mtunza ghala, naye ni chipu moja iitwayo kidhibiti. Mtunza ghala huyu ana tabia ya pekee: hapangi mifuko kwa mfuatano. Huitawanya kila pembe ili sakafu isichakae mahali pamoja, na huandika katika kitabu chake kila mfuko uliko. Ukimwuliza, "Niletee daftari la ada la mwezi wa Machi," yeye hutazama kitabu, hukusanya mifuko kutoka pembe 100, na kukukabidhi ikiwa imepangwa.

Kutokana na mfano huu twapata hali tatu, na ni lazima tuzitofautishe, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Hali ya kwanza: ghala ni zima, mtunza ghala ni mzima, lakini barabara ya kufika huko imekatika. Hii ndiyo kompyuta iliyokufa yenye diski hai. Dawa yake ni rahisi.

Hali ya pili: mtu amefuta faili au amefomati diski. Hapa mtunza ghala ameambiwa kwamba mifuko fulani haitakiwi tena. Katika diski za zamani mifuko hiyo ilibaki mahali pake mpaka ije mipya, na kwa hiyo iliwezekana kuirudisha. Katika SSD sivyo. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kompyuta humpa mtunza ghala amri ya kufagia iitwayo TRIM, naye hufagia kwa wakati wake mwenyewe, hata wakati hakuna anayetumia mashine, mradi umeme upo. Akishafagia, hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Kwa hiyo, mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, izimeni kompyuta saa ile ile, na msiiwashe mpaka mpate mtaalamu. Hata hivyo msijenge matumaini makubwa.

Hali ya tatu: mtunza ghala mwenyewe ameanguka, au kitabu chake kimechanika. Mifuko yote imo, lakini hakuna ajuaye ipi iko wapi. Hii ni diski iliyokufa kweli, na tutaieleza mbele.

KUTOA DISKI ILIYO HAI

Hali ya kwanza yaweza kushughulikiwa na tawi lenyewe, ikiwa yupo mwanachama mwenye mkono mtulivu. Kwa mfano fundi umeme wa kiwandani.

Zimeni kila kitu, ondoeni chaja, geuzeni kompyuta na kufungua skrubu za chini. Wekeni skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kwani urefu wake hutofautiana. Kabla ya kugusa chochote ndani, gusa chuma kilichoungana na ardhi ili umeme tuli wa mwili utoke. Chomoeni waya wa betri kutoka kwenye bodi. Kazi hii isifanyiwe mahali penye vumbi la saruji wala unga wa sukari, na meza ipanguswe kwanza.

Sasa itazameni diski ni ya umbo gani, maana kuna maumbo matatu.

Umbo la kwanza ni kisanduku bapa, upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 10 hivi. Hii ni SATA ya kawaida. Huchomolewa kwa kuvutwa taratibu, na husomwa kwa adapta ya SATA kwenda USB, kifaa kidogo kinachouzwa katika maduka mengi ya kompyuta.

Umbo la pili ni kijiti bapa kama kipande cha ubani, upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa milimita 80. Hii huitwa M.2. Imeshikwa na skrubu moja. Ukiifungua, kijiti huinuka chenyewe kwa upande, na huvutwa kwa mshazari. Hapa pana mtego. Vijiti vya M.2 ni vya aina mbili, SATA na NVMe, na kasha la kusomea aina moja huenda lisisome aina nyingine. Mara nyingi NVMe huwa na pengo moja kwenye meno yake, na SATA huwa na mapengo mawili, lakini neno la mwisho ni maandishi yaliyo juu ya kijiti chenyewe. Wengi wamenunua kasha lisilofaa, wakaona diski haisomeki, wakatangaza kwamba imekufa hali ilikuwa hai. Someni kwanza, nunueni baadaye. Mkiweza, tafuteni kasha linalosoma aina zote mbili.

Umbo la tatu halitoki kabisa. Katika kompyuta nyingi za bei nafuu, na katika nyingine za bei kubwa, chipu za kumbukumbu zimechomelewa kwenye bodi kuu. Hapo hakuna cha kuchomoa. Njia ni moja: bodi yenyewe itengenezwe angalau iwake kwa saa chache, nakala itolewe. Kazi hiyo ni ya fundi wa bodi, wala si ya tawi.

Diski ikishatoka, iwekeni kwenye kasha lake na kuiunga na kompyuta nzima. Ikionekana, msiifungue faili moja moja kuitazama, na msiandike kitu juu yake. Nakilini kwanza, tena kwa mpango: daftari la wanachama, madai ya fidia, hesabu za ada, mihtasari, mikataba, halafu picha na mengineyo. Kompyuta ikisema huna ruhusa ya kuingia katika folda ya mwenye mashine, tumieni akaunti ya msimamizi na kukubali kuendelea. Hilo ni jambo la kawaida.

Ikitokea dirisha linalouliza kama mnataka kufomati diski kabla ya kuitumia, jibu ni HAPANA. Bonyezeni hapana, ichomoeni, na mpumue. Dirisha hilo laonyesha kwamba kompyuta haikuelewa mpangilio wa diski, na pengine mpangilio umeharibika kidogo tu. Kukubali kufomati ni kumwita mfagiaji.

Diski ikiwa inasoma kwa shida, ikikatika-katika, msing'ang'anie kunakili faili. Fundi anayejua kazi yake hutumia mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi na programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hiyo hunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye diski nyingine kubwa zaidi. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye sehemu ngumu. Baada ya hapo kazi yote hufanyiwa kwenye nakala, na diski mgonjwa huachwa ipumzike. Ziko pia programu za bure za kutafuta faili ndani ya nakala hiyo, kama TestDisk na PhotoRec. Kwa hiyo mtu akiwaambia ni lazima mnunue programu ya fedha nyingi kabla hajagusa kitu, mwulizeni kwanza kama amezijaribu hizo.

KUFULI AMBALO WENGI HAWALIJUI

Yawezekana diski ikatoka salama, ikaungwa vizuri, kisha ikadai namba ya siri ndefu yenye tarakimu 48. Msishangae. Hilo ni kufuli la BitLocker la Windows, ambalo hugeuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo. Katika kompyuta nyingi mpya kufuli hilo hujifunga lenyewe mashine inapoanzishwa, bila mwenye mali kujua. Tangu toleo la Windows 11 lililotolewa mwaka 2024, jambo hili limeenea zaidi. Ufunguo mmoja hukaa ndani ya bodi ya kompyuta ile ile. Bodi ikifa, au diski ikihamishwa, unatakiwa ufunguo wa akiba.

Ufunguo huo wa akiba mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta. Hapa ndipo matawi hukwama. Kompyuta ilianzishwa na muuzaji dukani kwa akaunti yake, au na katibu aliyekwisha hama kazi. Hakuna fundi wa kulivunja kufuli hili. Anayeahidi kulivunja kwa fedha anawadanganya. Kwa kompyuta za Apple zilizotolewa miaka ya karibuni hali ni ngumu zaidi, maana ufunguo umo ndani ya chipu ya mashine yenyewe, na diski haina maana bila bodi yake.

Basi, leo hii, kabla ya msiba, kila tawi liwashe kompyuta yake, litazame kama kufuli limefungwa, litoe ule ufunguo wa tarakimu 48, liuandike kwenye karatasi, na karatasi iwekwe pamoja na hati za benki. Kazi hii haizidi nusu saa.

DISKI IKIFA KWELI

SSD hufa namna nyingi. Nyingine huchakaa kwa kuandikwa mno, na baadhi ya hizo hukataa kuandikwa lakini hukubali kusomwa. Huo ni wema wa mwisho, nanyi mwutumie mara moja. Nyingine hupigwa na umeme unaokuja kwa kishindo baada ya kukatika, au na jenereta isiyotulia. Nyingine kitabu cha mtunza ghala huchanika umeme unapokatika katikati ya kuandika. Dalili zake ni hizi: diski haionekani kabisa kwenye kompyuta yoyote, au inaonekana kwa jina la ajabu, au inasema ukubwa wake ni sifuri.

Kuna jaribio moja lisilo na madhara makubwa, ambalo hata watengenezaji wengine wa diski wamelipendekeza. Iacheni diski ipate umeme tu, bila kazi yoyote, kwa dakika 20 hadi 30. Ikateni umeme kwa sekunde 30. Kisha rudieni mara moja zaidi. Mara nyingine mtunza ghala hutumia muda huo kukarabati kitabu chake, na diski huonekana tena. Ikionekana, nakilini papo hapo; msiiamini tena kwa kazi.

Isipoonekana, kazi imetoka mikononi mwetu. Mtaalamu wa kuokoa kumbukumbu ana mitambo ya kuzungumza na kidhibiti moja kwa moja, na hata hivyo hafanikiwi kila mara. Wataalamu wa namna hiyo hutafutwa katika miji mikubwa. Kutoka Tororo, Kampala ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na Nairobi ni mbali zaidi. Gharama yake yaweza kuzidi bei ya kompyuta mpya, kwa hiyo kamati iamue kwa akili: je, kilichomo ndani kina thamani gani? Kama humo mna ushahidi pekee wa dai la mtu aliyepoteza mkono, hesabu ni moja. Kama mna mihtasari ambayo nakala zake ziko kwa wajumbe, hesabu ni nyingine.

Tena msiiweke diski mgonjwa kabatini kwa miaka mkingoja fedha. Umeme uliofungiwa ndani ya vile vyumba huvuja polepole, na joto huharakisha kuvuja. Kwa kipimo cha JEDEC, chombo cha kimataifa cha viwango vya chipu, SSD ya kawaida iliyokwisha tumika kufikia mwisho wa uwezo wake yatakiwa kushika kumbukumbu bila umeme kwa mwaka 1 katika joto la nyuzi 30. Ofisi ya mabati yenye jua la Busia hupita nyuzi hizo bila taabu.

YA KUKATAA KABISA

Kuna dawa za mitaani ambazo hazina budi kukataliwa.

Msiweke SSD kwenye friji. Hadithi hiyo ilitoka kwenye diski za sahani, na hata huko ilikuwa bahati nasibu. Kwa SSD huleta unyevu tu.

Msikubali fundi wa simu azichome chipu na kuzihamishia kwenye diski nyingine. Kila kidhibiti huandika kwa namna yake, mara nyingi kwa fumbo. Mtunza ghala mgeni hawezi kusoma kitabu cha mwenzake.

Msikubali Windows mpya iwekwe juu ya diski ile ile "ili iwake". Itawaka, lakini daftari litakuwa limefagiwa.

FUNDI, MPAKA NA SIRI ZA WANACHAMA

Busia ni miji miwili yenye jina moja, na mafundi wako pande zote. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kimerahisisha kuvuka, na wengi wetu huvuka kufuata bei nafuu. Hakuna ubaya. Lakini anayepeleka kompyuta ya tawi ng'ambo achukue risiti ya kununulia na barua ya kamati, ili isidhaniwe kuwa ni bidhaa au mali ya wizi. Na bei ikitajwa, iandikwe kama ni shilingi za Kenya au shilingi za Uganda, kwa sababu ugomvi mwingi wa mpakani huanzia hapo.

Jambo kubwa zaidi ni siri. Ndani ya diski mna namba za vitambulisho, namba za simu, akaunti za benki, na taarifa za daktari. Tena mna orodha ya wanachama, na kila mtu ajua nani angefurahi kuipata orodha hiyo wakati wa mgogoro. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na sheria zote mbili zataka taarifa za afya zitunzwe kwa uangalifu wa ziada. Tawi linaloshika taarifa hizo halina budi kuzilinda.

Kwa hiyo andikianeni mkataba mfupi na fundi wenye mambo haya: jina la duka, namba ya diski iliyoandikwa juu yake, kazi inayotakiwa, bei ya kuchunguza na bei ya kuokoa, kwamba hatafomati wala kuandika juu ya diski, na kwamba nakala zote atazikabidhi na kufuta zilizobaki kwake. Mjumbe mmoja wa kamati akae pale kazi ikifanyika, ikiwezekana. Fundi mwaminifu hatakasirika. Na diski mbovu irudishwe kwenu. Msiiache dukani, kwani inaweza kupona mikononi mwa mwingine.

KINGA NI BORA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watunza kumbukumbu hutumia kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kwa tawi la kawaida maana yake ni hivi. Nakala ya kwanza imo ndani ya kompyuta. Ya pili iwe kwenye diski ya nje ya bei nafuu, iungwe kila Ijumaa kwa kunakili tu, kisha ichomolewe, maana diski inayobaki imeungwa hufa kwa radi ile ile inayoua kompyuta. Ya tatu iwe mbali: makao makuu ya chama, au intaneti kwa akaunti ya tawi wala si ya mtu binafsi.

Na karatasi isidharauliwe. Daftari la ada lichapwe kila mwezi, litiwe sahihi na mweka hazina, lifungwe kabatini. Karatasi haiulizi tarakimu 48.

Nakala isiyojaribiwa si nakala. Mara moja kila miezi 3, fungueni faili moja kutoka kwenye diski ya nje, mbele ya kamati, mwone kama linasomeka.

Tunapendekeza mkutano ujao wa kila tawi upitishe mambo manne: ateuliwe mtu mmoja wa kunakili kila Ijumaa na mmoja wa kumkagua, ufunguo wa kufuli uandikwe na kuhifadhiwa, akaunti ya kompyuta iwe ya tawi, na kila mfanyakazi mwenye dai apewe nakala ya karatasi za dai lake akae nazo nyumbani. La nne ndilo kubwa. Kibarua wa msimu anayekata miwa leo Busia, mwakani atakuwa shamba jingine, na dai lake litamfuata tu kama anazo karatasi zake mkononi.